Mazulia Manne ya Naryn

Alhamisi, tarehe nne Oktoba mwaka 2012, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kipimajoto kilichoning'inia kwenye mlango wa bohari kilionyesha nyuzi sita chini ya sifuri. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekoma Jumatano mchana, na baridi ikaikuta milima ingali imelowa, ikaigeuza yote kuwa kioo. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, kisu mkononi, mbele ya zulia la sufu lenye unene wa kidole. Kando yangu, juu ya kreti la viberiti, palikuwa na hati niliyoiandika asubuhi ileile. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya utumishi, jina langu, Meja Kundan Singh Martolia, lilikuwa limeandikwa katika safu ya kulia, safu ya anayepokea.

"Kata, kaka," Kapteni Toktosun aliniambia. "Hilo ni zulia, si kondoo. Halitalia."

Nikakata.

Yanipasa nirudi nyuma majuma matatu. Mwezi Machi mwaka ule serikali yetu na ile ya Wakirgizi zilikuwa zimetiliana sahihi mkataba wa kusaidiana ugavi wa kijeshi. Wakubwa walipiga picha wakishikana mikono. Kazi ya kuuonja mkataba kama umekolea chumvi ikaachiwa sisi watu wa bohari. Ukiuvua joho lake la kisheria, maneno yake yalikuwa mepesi. Jeshi la nchi moja likiwa katika ardhi ya nyingine, likapungukiwa na unga, mafuta, kamba au hema, mwenzake ampe. Kila kinachotoka kiandikwe na pande zote mbili zitie sahihi. Kisha kilipwe ndani ya miezi kumi na miwili, ama kwa fedha, ama kwa kitu kingine cha thamani sawa, ama kwa kitu kilekile chenye sifa ileile.

Kikosi cha milimani cha Wakirgizi, watu sitini kamili, kilikuja kwetu Kumaon, katika milima yetu ya mpakani, kwa mazoezi ya kwanza chini ya mkataba huo. Ugavi wa mazoezi yote ulikuwa mikononi mwangu. Mimi nililelewa katika shule ya bweni iliyojengwa mlimani juu ya ziwa, ambako mtoto wa miaka tisa alifundishwa kwamba aazimaye kitu hukirudisha katika hali aliyokipokea, na asiyeweza kukirudisha hivyo asikiazime. Shule ile ndiyo iliyonitengeneza. Sijapata kuiombea radhi, wala sitaiombea leo.

Siku ya kwanza Kapteni Toktosun Beishenaliev, mkuu wa ugavi wa wageni, aliingia bohari akitabasamu, sigara mdomoni, mikono ikipapasa mifuko mitupu. Alikuwa mwanaume mfupi mwenye mashavu mekundu. Lugha yetu alikuwa ameipata katika kozi ya miezi tisa kule Bangalore na katika nyimbo za sinema, hivyo hata akiomba mafuta ya taa alisikika kama anayemwimbia mchumba dirishani.

"Kaka, nipe kiberiti."

Nikavuta kitabu cha hati.

"Kaka! Ni kiberiti tu."

"Ni kiberiti cha jeshi."

"Na nikishaziwasha njiti, nikurudishie moshi?"

"Utarudisha kiberiti kizima. Njiti hamsini."

Akatia sahihi huku akitikisa kichwa. Kufikia chakula cha mchana kambi nzima, yetu na yao, ilikuwa ikiniita Meja Kiberiti. Kesho yake akaja na kiberiti cha kwao, chenye picha ya mbuzi wa milimani, akakiweka mezani na kukunja mikono. Nikahesabu njiti mbele yake. Zilikuwa hamsini na moja. Nikamrudishia moja.

Aliitazama ile njiti, kisha akacheka hadi akalazimika kukaa juu ya gunia la dengu. Tangu siku ile tukapatana. Yeye aliona mimi ni kichaa wa aina anayoweza kuiamini, na mimi niliona kwamba mtu anayecheka namna ile, akiwa ameshalipa, hana la kuficha.

Basi ndiyo ikaja ile barafu.

Kambi ya Juu ilikuwa na watu arobaini na mmoja, ishirini na watatu wetu na kumi na wanane wao. Njia ya kuifikia ilikuwa moja tu, nasi tuliiita Ngazi: mabamba ya mawe mia sita na arobaini yaliyopangwa ubavuni mwa mlima na wafanyabiashara wa chumvi, kabla hata babu yangu hajazaliwa. Mizigo ilipanda kwa nyumbu wetu ishirini na wawili. Jumatano jioni nyumbu wa kwanza aliteleza bamba la kumi na moja, akaporomoka na mzigo wake. Bahati njema alichubuka magoti tu. Misumari ya barafu ya kupigilia kwenye viatu vya nyumbu ilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa limenaswa nyuma ya maporomoko ya udongo, kilomita thelathini chini yetu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, helikopta haziruki. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi redio ya Kambi ya Juu ilituambia kwa ufupi: mafuta ya taa yamekwisha. Maana yake si baridi tu. Kule juu maji yote ni theluji, na asiye na moto anakufa kiu akiwa amekanyaga maji.

Tulisimama mlangoni mwa bohari watu watatu: mimi, Toktosun, na Sajini Jaman Singh, mkuu wa nyumbu, mtu mwenye masharubu meupe aliyejua tabia za wanyama wake kuliko za wanawe.

"Kwetu Naryn," Toktosun alisema, "mto ukiganda tunawavisha farasi viatu vya sufu. Unakifunga kiatu, unakilowesha, basi. Sufu mbichi inaing'ang'ania barafu kama mtoto anayeng'ang'ania ziwa la mama yake."

"Sufu ya namna gani?" niliuliza.

Alikwenda kwenye hema lake akarudi na zulia begani. Ilikuwa sufu isiyofumwa, iliyoloweshwa maji ya moto, ikavingirishwa na kupigwa mateke mpaka nyuzi zikashikana kama ndugu waliolishana yamini. Wakirgizi walitandika mazulia hayo ndani ya mahema yao. Mengi yalikuwa yamepanda na watu wao juu. Chini yalibaki machache.

Jaman Singh alibinya pembe ya zulia, akalinusa, akaning'iniza mdomo wa chini kama afanyavyo anaponunua nyumbu. "Hili linafaa, afande. Linafaa sana."

"Basi chukueni," Toktosun alisema. "Zawadi."

"Sipokei zawadi bohari."

"Haya, andika."

Ndipo nilipokwama. Nilifungua kitabu, nikashika kalamu, na mkono ukagoma. Katika kila hati ya majuma yale matatu jina la nchi yangu lilikuwa kushoto, kwa anayetoa. Sisi tulikuwa wenyeji. Katika nyumba tulizokulia mgeni hajui chakula kimebaki kiasi gani chunguni. Sahani yake hujazwa kabla hajaitazama. Leo mimi niandike kwa mkono wangu, katika mazoezi ya kwanza ya mkataba wa kwanza, kwamba mwenyeji alikopa matandiko ya mgeni wake ili awafunge nyumbu miguuni! Hati ile ingesomwa katika miji mikuu miwili.

"Tungoje," nilisema. "Jua likitoka, barafu italegea kufikia saa sita."

Toktosun alitazama wingu, kisha akanitazama mimi, kisha akaona adabu kutazama viatu vyake. Jaman Singh hakuwa na adabu ya namna hiyo.

"Afande, jua halitoki. Na likitoka, Ngazi inatazama kaskazini. Afande amezaliwa chini ya mlima huu. Tangu lini Ngazi ikaota jua mwezi wa kumi?"

"Nimesema tungoje."

"Kama tatizo ni sahihi, nitie mimi. Mimi sina fahari inayoweza kuvunjika." Akasogea karibu, akapunguza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, afande. Wazee hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ajivune."

Nilitoka nje nikasimama peke yangu. Bamba la kwanza la Ngazi lilikuwa hatua ishirini kutoka bohari, na liling'aa.

Babu yangu alipanda mabamba yale kila kiangazi na kondoo waliobebeshwa shayiri, akavuka mpaka, akarudi na chumvi. Upande wa pili alikuwa na mshirika, Mtibeti aliyeitwa Norgyal. Siku walipopatana walivunja jiwe kwa pigo moja, kila mmoja akachukua nusu. Na kila kiangazi, kabla fundo la gunia halijafunguliwa, waliyaunganisha yale mapande kuona kama bado yanakubaliana. Nyumbani kwetu kila mtoto aliijua habari ya jiwe. Lakini asubuhi ile sikulikumbuka jiwe. Nilikumbuka habari nyingine, ambayo babu aliisimulia mara moja tu, tena kwa shida. Mwaka fulani mvua ya mawe iliimaliza shayiri yote, naye akapanda akiwa na magunia matupu. "Nilikwenda kuomba," aliniambia. "Miaka kumi na minne nilikuwa nimempa na kupokea, kupa na kupokea, nikadhani twajuana. Siku ile nilipofika mikono mitupu ndipo tulipoanza kujuana. Mshirika ambaye hajakuona ukiomba, bado hajakujua."

Nikarudi ndani, nikaandika, nikatia sahihi upande wa kulia.

Hesabu nilikuwa nimekwisha kuifanya kichwani. Zulia moja, mita tatu kwa mbili, hutoa vipande ishirini na vinne vya nusu mita kila upande. Nyumbu ishirini na wawili wana kwato themanini na nane. Yahitajika mazulia manne, na vipande vinane vibaki akiba. Niliandika "manne."

"Yapo matatu," Toktosun alisema.

"Matatu ni nyumbu kumi na wanane. Mzigo unataka ishirini na wawili."

Hapa lazima nikiri jambo. Kumi na wanane wangetosha. Ningeweza kuwaongezea mzigo kidogo, au kuwarudisha wanne mara ya pili kesho yake. Nililijua hilo hata nikiwa nasema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa mara moja asubuhi ile, na mtu mwenye kiburi akishainama, hutafuta upesi mahali pa kusimama wima tena. Mimi nilisimama juu ya hesabu.

"Nitaona," Toktosun alisema, akatoka. Tulipokuwa tukimaliza zulia la tatu alirejea na la nne, limevingirishwa, akalitandaza sakafuni taratibu. Lilikuwa jeupe, zito kuliko yale mengine. Ndipo aliponiambia nikate, kwamba si kondoo, halitalia.

Tulianza kupanda saa tatu na nusu. Wenye cheo changu hawana sababu ya kufuatana na nyumbu, lakini sikutaka kusubiri chini habari za mambo niliyoyatilia sahihi. Jaman Singh alitangulia. Wanyama, waliozoea kugonga mabamba kama mafundi wa chuma, sasa walipanda kimya kama paka, na ukimya wenyewe uliwashangaza. Walikuwa wakigeuza masikio nyuma kana kwamba wametafuta miguu yao na kuikosa. Kila walipokanyaga, sufu iliyoloweshwa ilishika barafu kwa nukta moja, kisha ikaachia kwa mlio mdogo, kama busu. Hakuna aliyeteleza. Mabamba mia nne yalipokuwa chini yetu nilianza kuhisi furaha, furaha isiyo ya kiofisa hata kidogo.

Nyumbu aliyekuwa mbele yangu aliinua mguu wa nyuma wa kulia, na nikaona rangi.

Ilikuwa nyekundu. Alipouinua tena nilitazama vizuri: pembe ya kondoo dume iliyojikunja, nusu yake, imekatwa katikati na kisu changu. Kwenye mguu mwingine palikuwa na nusu iliyobaki. Zulia la nne lilikuwa limetandazwa uso chini.

"Toktosun," niliita. "Zulia lile lilikuwa la nani?"

Alikuwa akipanda nyuma yangu, akihema. "La jeshi, matatu. Moja la mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu, kaka. Nina mama mmoja tu. Alinitengenezea nilipoingia jeshini. Miaka minane nimelala juu yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unahesabu." Akafuta pua kwa kiganja cha glavu. "Mtu anayehesabu hasemeshwi. Panda, nyumbu wanatuacha."

Tulifika Kambi ya Juu saa nane mchana. Majiko yaliwashwa, theluji ikatiwa masufuria, na watu arobaini na mmoja wakanywa chai, wetu ya maziwa na tangawizi, wao ya chumvi, kisha wakabadilishana vikombe na kila upande ukaulaani wa pili kwa mapenzi makubwa. Toktosun alikuwa akicheza karata na wapishi. Mimi nilikunywa, nikashukuru, wala sikukaa.

Jioni ile, mwanga ungalipo, nilirudi bohari na kuichukua hati. Ilisema mazulia manne ya jeshi la Kirgizi, na sahihi iliyokuwa chini yake ni yangu. Nilikuwa nimetia sahihi uongo, ingawa bila kujua. Nikakata neno "manne" kwa mstari mmoja, nikaandika "matatu," na pembeni, kwa jina la mama nililomwuliza Toktosun njiani: La nne ni mali ya Bi. Burulkan wa Naryn. Si deni la jeshi. Ni deni la Meja Martolia mwenyewe.

Kanali wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Martolia, umeichafua hati ya kwanza ya mkataba."

"Nimeisahihisha, afande."

Aliguna, akatia sahihi.

Wageni waliondoka mwisho wa mwezi, na kufikia majira ya baridi walikuwa wamelipa kwa fedha kila walichokuwa wamechukua kwetu. Ofisi kuu ilitaka nasi tulipe mazulia yao matatu vivyo hivyo. Fedha ni kazi ya dakika tano. Niliandika barua mbili za kupinga. Mkataba ulitupa njia tatu, na aliyelala chini bila zulia, hawezi kulala juu ya fedha. Wakanikubalia, nadhani kwa kuchoka. Mfanyabiashara wa tambarare akaleta mazulia mapya yaliyofungwa nailoni, mazuri kwa macho. Nikalishika moja kwa mikono miwili, nikavuta. Likapasuka kama gazeti lililolowa. Nikamrejeshea yote, pamoja na nailoni.

Mwezi Aprili nikachukua likizo, nikaenda Munsiari, mji mdogo wa milimani, kwa shangazi yangu Dhanuli.

Shangazi alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wawili wa chama cha sufu cha pale, na kwa kuwa ni damu yangu, niliona ni wajibu wangu kumwandikia Kanali kueleza undugu wetu kabla ya kuwapa kazi. Jibu lake lilikuwa na mistari miwili: "Endelea. Na usiniandikie tena kuhusu shangazi yako." Chama kikayatengeneza matatu ya jeshi, kikalipwa kwa haki. La nne nilisema nitalitengeneza mwenyewe.

"Wewe?" Shangazi alishika kiuno. "Wewe uliyekataa kofia yangu, eti shuleni sufu ya nyumbani hairuhusiwi?"

"Nilikuwa na miaka tisa, shangazi."

"Na mdomo wa miaka tisini. Vua viatu."

Sufu hutandazwa juu ya mkeka wa mianzi, tabaka juu ya tabaka, hunyunyiziwa maji ya moto ya sabuni, kisha mkeka huvingirishwa, hufungwa kamba, na hupigwa teke kwenda na kurudi, uani, nusu siku. Nilikuwa nimekunja suruali hadi magotini, mkunjo wa pasi ungali unaonekana. Wanawake walijipanga ukutani na vikapu vyao kama waliokuja harusini.

"Meja, ongeza teke!" mmoja alipaza sauti. "Au jeshini mnapiga mateke kwa barua?"

"Mwacheni, anangoja sahihi!"

"Shangazi yake, huyu ana mke?"

"Ana faili."

Tulipolifungua zulia langu la kwanza, katikati yake palikuwa na tundu ningeweza kupitisha kichwa. Shangazi alilitazama kutoka upande wa pili, jicho lake moja likinichungulia kupitia tundu lenyewe. "Hili," alisema, "tutamfunika nalo mbuzi. Na awe mbuzi asiyeona." La pili lilikuwa mbuzi wa pili. Siku ya tatu nilipiga teke mpaka mapaja yakatetemeka, na mahali fulani kati ya kwenda na kurudi, wanawake wakiimba wimbo ambao maneno yake nilikuwa nimeyasahau kwa miaka thelathini, nikajikuta naimba. Sijui kama nimepata kuwa na raha vile tangu utotoni. Naliandika jambo hilo kwa tahadhari, kwa maana si tabia yangu kuandika mambo nisiyoweza kuyapima.

Nilitaka tulitie pembe za kondoo, zile nilizozikata. Shangazi alikataa.

"Usimwigizie mtu pembe zake. Mpelekee za kwetu."

Akalaza sufu nyeusi ya kondoo wetu ukingoni, vilele vitano vya Panchachuli kama tuvionavyo dirishani mwake, nami nikavikanyaga vikashikana.

Mazoezi ya pili yalifanyika kwao, Julai iliyofuata. Asubuhi ya kwanza mkuu wa bohari yao, mzee mkavu asiyecheka, aliyapima mazulia matatu kwa rula, akayaweka kwenye mizani, akayavuta kwa mikono miwili, na akatia sahihi. Nilimpenda papo hapo. Toktosun, aliyekuwa amepanda cheo kuwa meja, aliomba gari kwa ajili ya Jumamosi.

Tulikwenda saa nne nzima hadi malisho ya kiangazi ya Naryn, zulia la nne likiwa magotini kwangu. Mama yake alitukuta nje ya hema la duara, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe, aliyekuwa mwalimu wa shule miaka thelathini na bado akitazama watu kana kwamba wamechelewa darasani. Mzigo wangu hakuutazama. Kwanza alitukalisha, akatupa mkate wa moto, siagi, na maziwa ya farasi yaliyochacha, akahakikisha nimemaliza bakuli. Kisha akanyoosha mikono.

Alilitandaza. Akalibinya pembe zote nne, akapitisha ngumi katikati, akalinusa. Vilele vitano alivitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akachukua birika na kumimina maji juu ya zulia, si kidogo. Yakakaa katikati kama kidimbwi, naye akaketi kuyangoja. Nikaanza kusema jambo. Toktosun akanigusa goti.

"Tunangoja," alisema.

Tulingoja muda wa kunywa mabakuli mawili. Mama alipoinua ukingo na kupitisha kiganja chini ya zulia, uso wake haukubadilika. Akamwonyesha mwanawe kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Anauliza nani alilikanyaga," Toktosun alisema.

"Mimi."

"Anauliza, peke yako?"

"Na wanawake kumi na wawili walionicheka."

Lilipotafsiriwa hilo, mdomo wa mama ulicheza kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto, karibu na kilele cha mwisho, akasema jambo fupi.

"Anasema, hapa ulichoka."

"Ni kweli," nilisema. "Hapo nilichoka."

"Na anasema lile lake lilikuwa zuri zaidi."

"Mwambie najua. Nililikata mimi, na nyumbu kumi na wanane wangetosha."

Toktosun alinigeukia ghafla. Hilo hakuwa amelijua. Kisha akalitafsiri lote. Mama alinisikiliza kupitia kwake, macho yake yakiwa juu yangu. Nje farasi mmoja alikuwa akinywa maji. Hatimaye aliyamwaga yale maji mlangoni, akalikung'uta zulia, akalikunja mara tatu na kuliweka juu ya rundo la matandiko lililokuwa mkabala na mlango, mahali pa vitu vya nyumba. Akaniomba hati kwa ishara. Akatafuta miwani, akasoma pembeni palipoandikwa jina lake, akaandika chini yake tarehe, ishirini Julai 2013, kwa herufi zilizosimama wima.

"Amesema umelipa," Toktosun alisema.